Nairobi hadi Pangani kwa gari lenu: mwongozo wa safari ya wawili

Mtu na mwenzake wakisema "twende pwani" hapa Nairobi, mara nyingi huwa wamekwisha kuchagua kati ya Diani, Watamu na Malindi. Pwani nzuri zote hizo. Lakini iko nyingine kusini tu ya mpaka, na gari la kawaida la kwendea kazini linafika bila taabu: Tanga, kisha Pangani, mji mdogo wa kale ulio pale mto Pangani unapomwaga maji baharini. Kwa njia ya Namanga, Arusha na Moshi ni karibu kilomita 700 za lami hadi Tanga, na kama 50 zaidi hadi Pangani.

Ninawaandikia wawili wanaotaka kwenda wenyewe, bila kampuni ya utalii, wakipokezana usukani. Nitaanzia baharini kisha nirudi nyuma hadi Nairobi, kwa sababu tarehe ya safari hii inafaa ipangwe kwa maji. Wengi huomba likizo kwanza, halafu wakifika huko wanaambiwa kile walichokuja kukiona kimefunikwa na bahari.

Hatua ya kwanza: tazameni mwezi kabla ya kuomba likizo

Kiini cha safari hii kwangu ni Maziwe. Ni kisiwa kidogo cha mchanga mweupe nje ya Pangani, kilichozungukwa na matumbawe, na kimekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Mawimbi yakakila hadi miti ikaisha, na leo maji yakijaa sana kisiwa chote huzama. Maji yakitoka, mchanga huibuka, na hapo ndipo mashua hupeleka watu kuogelea na kutazama samaki kwenye matumbawe. Kwa hiyo hakuna kusema "twende Maziwe Jumamosi saa nane". Ni bahari inayotoa saa.

Wavuvi wa pwani hii huishi kwa vipindi viwili. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kuna bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Mwezi ukiwa nusu, kuna maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika ukanda huu wa Tanga, siku za bamvua maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mnatoka ufukweni jua likiwa bado la upole, mnakuta kisiwa kiko wazi, na alasiri bahari inarudi mpaka karibu na minazi, wakati mzuri wa kuoga. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi maji yako juu, na kutoka hutoka jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50.

Basi chukueni kalenda yenye mwezi. Tafuteni mwandamo au mwezi mpevu, kisha pangeni siku zenu za Pangani ziangukie siku hiyo na mbili tatu zinazofuata. Hesabuni kurudi nyuma: siku mbili za kwenda, na usiku mmoja wa Tanga mkiweza. Sasa ndipo mwombe likizo.

Kuhusu majira, ruka Machi mwishoni hadi Mei. Hiyo ni masika na mvua yake haina mzaha. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi zaidi. Kuanzia Mei hivi hadi Septemba huvuma kusi, hewa ni baridi kidogo lakini bahari ina fujo, na mashua ndogo hurusha maji mpaka nguo zinalowa. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huleta joto kali na maji yanayoonekana hadi chini. Ningechagua kipindi ambacho kusi inaisha na kaskazi haijashika, au Januari na Februari. Wiki ya Krismasi msiiguse kama mnaweza kuiepuka: ndugu zetu Wachagga hurudi nyumbani Kilimanjaro kwa wingi, na barabara ya Moshi hujaa magari. Mwezi wa Ramadhani nao jueni kwamba mchana mikahawa mingi ya Tanga na Pangani hufungwa, ingawa futari ya jioni ni jambo la kushukuru.

Hatua ya pili: karatasi, na kadi mbili za njano

Hapa ndipo safari hushinda au hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwenda Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haikikubali. Mwenye pasipoti inayokaribia kuisha aanze kuishughulikia mapema, maana foleni ya kuipata ni ndefu. Mkenya hahitaji viza.

Kadi ya njano ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Huulizwa mpakani kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na ukishachanjwa mara moja kadi inatumika maisha yako yote. Hakikisheni jina kwenye kadi linafanana na la pasipoti, hasa kwa mwenzi aliyebadilisha jina baada ya harusi.

Kadi ya njano ya pili ni ya gari. Ni bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na kampuni yenu ya bima ndiyo inayoitoa kama nyongeza ya bima mliyo nayo. Bima ya Kenya pekee haivuki mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huu wa bima, kwa hiyo msisikilize anayewaambia haifanyi kazi huko. Soma kadi yenyewe: namba ya gari, tarehe ya kuanza na kuisha, na orodha ya nchi. Ichapisheni hata kama imeletwa kwa simu.

Halafu logbuku halisi. Ikiwa gari lina mkopo wa benki, au limeandikwa jina la mzazi, kampuni au rafiki, beba barua ya mwenye gari inayotaja namba ya gari, majina yenu wawili jinsi yalivyo kwenye pasipoti, nchi mnayokwenda na tarehe za safari. Benki huchukua muda kuandika barua hiyo, kwa hiyo iombeni wiki kadhaa kabla. Hata gari likiwa la mmoja wenu, mwandikeni mwenzake kwenye barua kama dereva. Siku mmoja akiumwa tumbo Korogwe, mwingine ashike usukani bila wasiwasi. Leseni za udereva mbebe zenyewe, si picha kwenye simu.

Tieni vyote kwenye faili moja la plastiki linaloonyesha ndani, na nakala mbili mbili za kila karatasi. Faili hilo liwe la mtu mmoja tangu Nairobi hadi mrudi.

Hatua ya tatu: gari

Pelekeni gari kwa fundi wenu wa kila siku wiki moja kabla, si siku moja kabla, ili kama kuna kitu kimebadilishwa mpate kukijaribu hapa mjini. Mnateremka kutoka takriban mita 1,700 za Nairobi hadi usawa wa bahari, na kati ya Same na Mombo joto ni kali. Rejeta, mikanda, maji ya kupozea injini na breki ndivyo vya kuangaliwa kwanza.

Kisha piga magoti uangalie matairi mwenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado likapasuka kwa uzee kwenye lami ya moto, kwa hiyo lililopita miaka mitano sita mwonyeshe fundi alikague vizuri. Angalia na la akiba, maana hilo husahauliwa na mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.

Ndani ya gari muwe na pembetatu mbili za hatari, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, sanduku la huduma ya kwanza, jeki, spana ya magurudumu na tochi. Polisi wa Tanzania huviuliza. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Kikapu au mfuko wa kitambaa unatosha.

Mafuta: kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, safari nzima pamoja na mizunguko ya huko itakula lita 130 hivi. Bei za Kenya hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na za Tanzania na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi. Linganisheni bei hizo kabla ya kuamua mtajaza upande gani wa mpaka.

Hatua ya nne: pesa na simu

Shilingi moja yetu ni karibu 20 za Tanzania. Njia ya haraka ya kichwani: toa sifuri moja, kisha gawa kwa mbili. Elfu 30 ya Tanzania ni kama 1,500 yetu. Tangu Machi 2025 sheria ya Tanzania inataka bidhaa na huduma za ndani zilipwe kwa shilingi ya Tanzania, kwa hiyo msitegemee dola wala shilingi ya Kenya. Toeni pesa kwenye mashine ya benki au badilisheni kwenye duka lenye leseni. Wale wanaokimbilia dirisha la gari pale Namanga na mabunda ya noti mkononi, waambieni asante na muendelee.

Laini ya simu ya huko husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, katika duka la mtandao wenyewe. Moja inawatosha. Ramani pakueni mkiwa bado nyumbani.

Hatua ya tano: gawaneni kazi

Dereva anaendesha, na kazi yake ni hiyo tu. Aliye pembeni ndiye mwenye pesa ndogo, ramani, maji na simu. Hasomi ujumbe wa ofisini. Macho yake yako kwenye vibao vya mwendo. Badilishaneni kila baada ya saa mbili hata kama anayeendesha anasema hajachoka, maana mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua. Mkibadilishana viti, mbadilishane na kazi, isipokuwa lile faili.

Kubalianeni pia mapema juu ya jambo moja: jua likizama, gari linasimama. Hakuna kusema "tumebakisha kidogo tu". Usiku barabara hizi zina malori yaliyoharibika bila taa, bodaboda bila taa, na ng'ombe. Ni rahisi sana kuliheshimu sharti hilo mkiwa mmeliweka pamoja sebuleni, na ni vigumu sana kulijadili saa moja jioni mkiwa na njaa.

Hatua ya sita: siku ya kwanza, Nairobi hadi Moshi

Tokeni saa kumi na moja alfajiri, si baadaye. Shabaha ni kupita Kitengela kabla ya saa kumi na mbili, kwani baada ya hapo magari ya kuingia mjini na malori hubana barabara. Mnaoishi Westlands na pande zile mtafaidi barabara ya juu ya kulipia hadi Mlolongo. Baada ya Isinya njia hufunguka: Kajiado, Bissil, tambarare za Wamaasai, na kilomita 165 hivi kutoka mjini mko Namanga. Simameni mara moja kwa chai mliyobeba. Saa mbili na nusu asubuhi ni wakati mzuri wa kufika mpakani, kabla ya mabasi ya utalii.

Namanga ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli Desemba 2018. Maana yake ni kwamba mkienda kusini hamsimami upande wa Kenya. Mnaendelea hadi jengo la upande wa Tanzania, na humo mnagongewa muhuri wa kutoka Kenya kwenye dirisha moja na wa kuingia Tanzania kwenye linalofuata. Fuateni mpangilio huu: afya kwanza na kadi za chanjo, kisha uhamiaji wa Kenya, uhamiaji wa Tanzania, halafu forodha kwa ajili ya gari.

Forodha ndiyo huchukua muda. Gari lenu linaingia nchini kwa kibali cha muda, na kuna ada ya gari la kigeni ambayo hulipwa kwa namba ya malipo, mkapewa risiti. Afisa atauliza mnakwenda wapi na mtatokea wapi. Mwelezeni wazi: "Tunaingilia Namanga, tutatokea Horohoro," yaani mpaka wa upande wa Tanga mtakaorudia. Kibali kiandikwe siku zinazotosha na mbili za ziada. Kabla ya kuondoka dirishani, someni namba ya gari na ya injini iliyoandikwa, neno kwa neno. Herufi moja ikikosewa, kurekebisha pale ni dakika mbili. Kurekebisha Horohoro ni nusu siku.

Na salamu. Sisi wa Nairobi tuna haraka, tunaanza na shida moja kwa moja. Ukivuka mpaka, anza na "habari za kazi", na kama ni mtu mzima kukuzidi, "shikamoo". Ukitaka kitu, "naomba". Utajibiwa "karibuni sana, poleni na safari", na kazi itaendelea kwa moyo mwingine kabisa.

Mkishatoka hapo, kitu kimoja kitawatawala hadi Tanga: kibao cha 50. Kila kijiji kina kibao cha kuingia chenye tarakimu hiyo na kibao cha kutoka chenye mistari ya kufuta. Kati ya viwili hivyo ni kilomita 50 kwa saa, hata kama ni nyumba tatu na duka moja na barabara imenyooka kama rula. Polisi huwa na kamera ya mkononi chini ya mti, na mwenzake anayewasimamisha yuko mbele. Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kila kosa. Punguzeni mwendo kabla ya kibao, si baada yake, na msiongeze mpaka mpite kile cha kutoka. Kivuko cha miguu nacho si pambo: mtu akiwa amesimama pembeni yake, simameni. Mkipatikana na kosa, kubalini kwa heshima, ombeni namba ya malipo, lipeni, chukueni risiti. Anayetaka pesa mkononi bila risiti mkatalieni kwa upole; namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, ni 113. Ya dharura ni 112, nchi zote mbili.

Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi, mkipita Longido na mkiuona mlima Meru ukikua mbele yenu. Arusha msiingie katikati kama hamna haja; kuna barabara ya mchepuko. Kutoka hapo hadi Moshi ni kama 80, vijiji vimeshikana, kwa hiyo mwendo ni wa 50 karibu muda wote. Mkiondoka Nairobi kwa wakati mtafika alasiri. Laleni Moshi. Wapo wanaosukuma hadi Same au zaidi siku hiyo hiyo, nami siwashauri. Moshi jioni hewa hutulia, mawingu hufunguka, na kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hujitokeza kwa dakika chache juu ya mapaa ya mji. Agizeni mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mle pamoja, mlale mapema.

Hatua ya saba: siku ya pili, Moshi hadi Tanga

Kilomita 350, na vibao vya 50 vitazifanya saa sita au saba. Ondokeni saa moja asubuhi.

Baada ya Himo barabara hukata kusini, milima ya Upare ikiwa kushoto na reli ya zamani ikiwafuata. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911. Mwanga, Same, Makanya, Hedaru: nchi kavu, mibuyu, upepo wa joto unaosukuma gari ubavuni. Fungueni kiyoyozi bila kuhesabu senti za mafuta. Mkiona matawi mabichi yamewekwa barabarani yakifuatana, punguzeni mara moja, maana mbele kuna lori limeharibika.

Mombo ni pa kula chakula cha mchana. Kushoto kuna barabara inayopanda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona juu ya Usambara, kwenye baridi na mboga. Mwenye siku ya ziada alale huko. Asiyekuwa nayo asijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kuanzia Korogwe mandhari hubadilika, na hapa mwenye zamu ya pembeni atafaidi. Mkonge unaanza, mistari mirefu ya majani yaliyochongoka, zao lililoletwa nchini 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Segera ndipo njia hugawanyika: kulia Dar es Salaam, kushoto Tanga. Shikeni kushoto. Muheza simameni mnunue machungwa. Ganda lake ni kijani hata yakiwa yameiva, na muuzaji atawamenyea kwa kisu mkae pembeni ya gari mnyonye. Yaleni huko huko, kwa kuwa matunda mabichi huulizwa maswali mpakani.

Tanga utaijua kwa hewa: inakuwa nzito, ina chumvi. Mji wa baiskeli nyingi, mitaa mipana na majengo ya zamani, na jioni watu hutembea Raskazone kutazama bahari. Mkikaa asubuhi moja, nendeni mapango ya Amboni, kama kilomita nane kaskazini. Ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji, ndani ni giza totoro. Chukueni mwongozaji wa pale na viatu visivyoteleza.

Hatua ya nane: Tongoni na Pangani

Njiani kwenda Pangani, kilomita kama 20 kutoka Tanga, kuna kibao cha Tongoni. Wengi hupita. Simameni. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya karne ya 14 na 15, baadhi yana nguzo ndefu za mawe zilizosimama kando ya mikoko. Karibu na hapa, mwaka 1498, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mwamba, na mwaka uliofuata akaichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nusu saa inatosha.

Pangani mji wenyewe unatembelewa kwa miguu: mlango uliochongwa hapa, ukuta uliobomoka pale, ukingo wa mto wenye mashua. Ulikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watumwa, na hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa Desemba 1889. Tembeeni na mwenyeji anayejua habari hizo. Mjini vaeni nguo za heshima. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na mbele yake Ushongo, ufuko mrefu wenye minazi. Hapo ndipo ningelala siku zote za bahari.

Siku mtakayofika, kabla ya kufungua mizigo, mtafuteni nahodha. "Shikamoo mzee, tunataka Maziwe." "Marahaba. Kesho maji yanatoka saa nne na nusu, tuondoke saa tatu. Mkichelewa mtakikuta kimeshaanza kuzama." Mkikubaliana naye, ulizeni mambo matatu: maboya ya kuvaa yapo mawili, ada ya hifadhi imo kwenye bei, na upepo ukibadilika mnarudije. Bebeni kofia, maji ya kunywa na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, maana kisiwani hakuna kivuli hata cha kidole. Matumbawe msiyakanyage. Kasa wa kijani hutaga kisiwani, na kwa kuwa maji hufunika mchanga, wenyeji huhamishia mayai Ushongo. Mkiulizia mtaambiwa kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa, na hilo likitokea mkiwa pale, ahirisheni kila kitu kingine.

Hatua ya tisa: kurudi

Rudini kwa njia ya pili. Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami nzuri, na mpakani sasa mambo yamegeuka: taratibu zote zinafanyika upande wa Kenya, Lunga Lunga. Kabla ya kuendelea hakikisheni forodha ya Tanzania imefunga kile kibali cha gari. Msiondoke bila hilo. Gari ambalo kibali chake kiko wazi huhesabiwa kuwa bado liko Tanzania, na deni humsubiri mwenye gari safari ijayo.

Lunga Lunga hadi Mombasa ni kama kilomita 100. Laleni Diani au Mombasa. Asubuhi, mnaotoka pwani ya kusini mnaweza kukwepa foleni ya kivuko cha Likoni kwa barabara ya Dongo Kundu. Kisha ni Voi, Mtito Andei na nyumbani, karibu kilomita 490 zenye malori mengi. Msiyapite kwenye kona wala mlimani. Ondokeni alfajiri na mtafika na mchana.

Jambo la mwisho ni la afya. Tanga na Pangani kuna malaria, na miili yetu ya Nairobi haina kinga nayo. Mwoneni daktari kabla ya safari awape dawa za kujikinga, na mzimalize hata baada ya kurudi kama alivyoelekeza. Laleni ndani ya chandarua na jipakeni dawa ya mbu jioni. Ugonjwa huu huchukua angalau siku saba kujitokeza, mara nyingi zaidi, kwa hiyo homa ikimpata mmoja wenu hata mwezi mmoja baadaye, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mkifika mseme mlikuwa pwani.